Usizunguke mbuyu ukidhani unapiga vichaka: Namna ya kujifunza nahau za Kiingereza

TUSEME shahidi amesimama kizimbani. Wakili amemuuliza swali moja mara tatu, naye kila mara analizungukazunguka tu bila kulijibu. Wakili anachoka na kumlalamikia hakimu kwa Kiingereza kwamba shahidi huyu “is beating about the bush”. Mkalimani naye, kwa haraka ya kazi, anamgeukia shahidi na kumwambia, “Wakili anasema wewe unazunguka mbuyu.”

Hapo sasa kuna kazi. Wakili alimaanisha kwamba shahidi anazungusha maneno na hataki kulifikia jambo lenyewe. Lakini kwa mtu anayekijua Kiswahili vizuri, kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Mtu aliyelaumiwa kwa kutojibu swali amejikuta anatuhumiwa kosa la jinai, tena mbele ya hakimu!

Mfano huu nimeutunga ili kuyarahisisha mambo, ila mtego uliomo ndani yake si wa kutunga. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Kifungu cha 120 nacho kinaziruhusu lugha hizo mbili, pamoja na Lugha Ishara ya Kenya, kutumika Bungeni. Kwa hivyo kila siku ya Mungu, mahakamani, Bungeni, hospitalini na katika vyumba vya habari, kuna Mkenya anayebeba maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Mara nyingi mzigo unaomteleza mkononi ni nahau.

Wanafunzi wengi huziogopa nahau za Kiingereza wasizozielewa. Mimi naona hizo hazina hatari kubwa, maana mtu asiyeelewa atauliza, au atafungua kamusi. Nahau ya kuogopwa ni ile unayodhani umeielewa. Unasikia neno la mkono, unakumbuka kuwa hata Kiswahili kina nahau ya mkono, basi unaoanisha hizo mbili na kuendelea na safari. Kumbe umepanda matatu ya kwenda kwingine kabisa.

Nahau ni nini hasa?

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Ukiambiwa mtu “amepiga maji”, hutapata maana kwa kutafuta neno “piga” kisha neno “maji”. Amelewa, basi. Vivyo hivyo, Mwingereza akisema mtu fulani “kicked the bucket”, hakuna ndoo iliyopigwa teke. Mtu amekufa.

Sifa ya pili ni kwamba nahau haipendi kuguswaguswa. Huwezi kusema mtu “amechapa maji” au “maji yamepigwa naye” ukabaki na maana ya ulevi. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Ukibadilisha neno la ndoo kwa jingine linalokaribiana nalo, nahau inavunjika na msikilizaji anabaki kukutazama.

Sifa ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi na vitabu vyetu vya marudio. Kila nahau ina mahali pake pa kutumiwa. Hiyo ya ndoo ni ya mzaha. Inakaribiana na yetu ya “kukata kamba”. Sasa fikiria mwanafunzi aliyekariri kuwa nahau hiyo maana yake ni “kufa”, kisha anamwandikia mwenzake barua ya rambirambi na kuitumia humo. Maana ameipata, adabu ameikosa. Ni sawa na kumwambia mfiwa, “Pole, nimesikia baba yako amekata kamba.” Msibani tunasema marehemu amefariki, ameaga dunia, ametutoka. Kiingereza kina maneno yake ya heshima pia, nayo lazima yasomwe pamoja na yale ya mzaha.

Maneno yale yale, maana mbalimbali

Turudi kwenye mtego wetu. Nitatoa mifano michache ambapo Kiingereza na Kiswahili vinatumia picha moja au zinazokaribiana, lakini kila lugha inakwenda njia yake.

Kiingereza kina “the long arm of the law”, yaani uwezo wa dola wa kumfikia mhalifu popote alipojificha. Waandishi wetu wa habari huandika, “Mshukiwa hakuweza kuukwepa mkono mrefu wa sheria.” Haya, lakini Kiswahili kilikuwa na mkono mrefu wake zamani. Mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi! Siku hizi watu wengi wameshazoea kusema serikali ina mkono mrefu, na sidhani kuna mtu atakayewazuia. Ila mwandishi anayejua maana zote mbili ataichunga sentensi yake, asije akaandika kuwa askari fulani “ana mkono mrefu” akidhani anamsifu.

Tazama kichwa. Mfanyabiashara akiitwa “hard-headed” kwa Kiingereza, kwa kawaida amesifiwa: hapumbazwi na hisia, anapiga hesabu zake sawasawa. Ukitafsiri kuwa ana “kichwa kigumu”, umemtusi, maana umesema ni mzito wa kuelewa mambo. Lakini kuna nahau ya kichwa inayokubaliana katika lugha zote mbili: mtu mwenye “a swollen head” ndiye huyo huyo tunayesema amevimba kichwa. Amejaa majivuno. Kwa hivyo huwezi kuweka kanuni kwamba nahau za kichwa hufanana au hazifanani. Kila moja lazima uiulize yenyewe.

Jikoni nako kuna mambo. Mwingereza anayetoa siri “spills the beans”, yaani anamwaga maharagwe. Mswahili humwaga mtama, tena penye kuku wengi. Wote wawili wamemwaga chakula, na wote wametoa siri. Vizuri. Lakini usikosee ukamwaga unga! Aliyemwaga unga katika Kiswahili ni aliyefutwa kazi. Mtu anaweza kumwaga mtama ofisini leo, na kesho akamwaga unga kwa sababu ya mtama ule.

Chumvi nayo ina hadithi yake. Mwingereza akikuonya uipokee habari “with a pinch of salt”, anakuambia usiiamini yote. Chumvi hiyo huiweka msikilizaji. Katika Kiswahili anayetia chumvi ni msemaji, yaani anayekuza mambo kuliko yalivyo. Ukiyaweka mawili hayo pamoja yanapendeza: habari iliyotiwa chumvi na msemaji wa Kiswahili ndiyo inayohitaji chumvi ya msikilizaji wa Kiingereza. Anayetafsiri neno kwa neno na kusema “ipokee habari hiyo na chembe ya chumvi” anamwacha Mswahili akijiuliza kama ameambiwa aiongeze. Tena hatujafika kwa mzee aliyekula chumvi nyingi, ambaye hakutia chochote wala hakushuku chochote. Ameishi miaka mingi tu.

Na msumari? “To hit the nail on the head” ni kusema au kufanya jambo lililo sahihi kabisa. Wakenya tuna jibu zuri la mkato: “Umegonga ndipo!” Lakini msumari wa nahau ya Kiswahili ni ule wa moto unaotiwa juu ya kidonda, yaani kumwongezea mtu uchungu juu ya uchungu alio nao. Huo unalingana na nahau nyingine kabisa ya Kiingereza, “to add insult to injury”. Ukifuata msumari umepotea. Fuata maana.

Neno moja la Kiingereza, vitu viwili

Mtego mwingine unatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana zaidi ya moja. Mtafsiri hunyakua maana anayoijua na kukimbia nayo.

“To turn over a new leaf” ni kubadilisha mwenendo na kuanza upya. Neno hilo “leaf” hapa si jani la mti, ni karatasi ya kitabu. Ndiyo maana Kiswahili kimelipokea vizuri kikasema “kufungua ukurasa mpya”. Anayesema mwizi “amegeuza jani jipya” hajui amegeuza nini.

“The ball is in your court” maana yake ni kwamba zamu ya kuamua ni yako. Nimesikia ikisemwa kwa Kiswahili cha mtaani kuwa “mpira uko kwa korti yako”, na msikilizaji akashangaa mpira umeshtakiwa kwa kosa gani. Picha hiyo imetoka kwenye uwanja wa tenisi. Mpira ukishaangukia upande wako, mwenzako hana la kufanya ila kungoja uurudishe. Kwa Kiswahili sema tu, “Sasa uamuzi ni wako.”

Mlevi chakari huambiwa kwa Kiingereza kuwa ni “three sheets to the wind”. Usiwaze shuka za kitandani. Hapa “sheets” ni kamba za kudhibiti matanga ya chombo cha baharini. Kamba zikiachiliwa, tanga linapepesuka na chombo kinayumba, kama mlevi anavyoyumba akitoka kilabuni usiku.

Naye anayedai “a pound of flesh” anadai haki yake yote kwa mujibu wa mkataba, hata kama itamuua mwenzake. Nahau hii imetokana na tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Humo Shylock anataka kukata nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake. “Pound” hiyo ni ratili, kipimo cha uzani. Haihusiani na pauni ya fedha za Waingereza. Asiyejua kisa hicho anaweza kudhani mtu anadai pesa, na kumbe anadai roho.

Picha hutoka mahali

Kila nahau ina kwao. Hiyo ya kupiga vichaka tuliyoanza nayo imetoka kwa wawindaji wa ndege. Watu walipiga vichaka kwa fimbo ili ndege waruke, na wawindaji wengine wawakamate. Anayepigapiga vichaka tu bila kumkamata ndege bado hajalifikia jambo. Ukishaijua picha, maana inashika akilini bila kukaririwa.

Kiingereza kilikulia kwenye nchi ya baridi, na jambo hilo limejaa katika nahau zake. Joto kwao ni upendo na baridi ni ukosefu wa upendo. Mgeni hupewa “a warm welcome”, na asiyependwa hupewa “the cold shoulder”. Sisi wa huku jua linapotuchoma tunatafuta kivuli. Kwetu moyo wenye raha umeburudika, mambo yakiwa mazuri ni poa, na tunaloliogopa ni joto la kisiasa. Kwa hivyo ukimwambia Mswahili kuwa mgeni “alipokelewa kwa joto”, huenda akauliza kama polisi waliitwa. Sema alipata mapokezi mazuri, au alikaribishwa kwa mikono miwili. Na yule aliyenyimwa uso? Kiswahili kinasema amepewa kisogo. Hapo bega la Kiingereza limekuwa kisogo cha Kiswahili, na hakuna kilichopotea.

Katika semina zetu nyingi siku hizi kuna kipindi cha “kuvunja barafu”. Picha hiyo ni ya maji yaliyoganda hata vyombo visiweze kupita mpaka njia ivunjwe. Maana yake ni kuondoa ukimya na haya kati ya watu wasiojuana. Kwa mtu ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye friji, picha haimwambii lolote. “Kuchangamsha ukumbi” kungetosha.

Sasa sikiliza hili la hospitali. Daktari akiwaambia jamaa kwa Kiingereza kuwa mgonjwa wao hajawa “out of the woods”, anasema hatari bado ipo. Akiitafsiri mtu kuwa mgonjwa “hajatoka msituni”, katika nchi hii ataamsha mambo mengine. Kuingia msituni, kwa historia yetu ya Mau Mau na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, ni kwenda kupigana. Jamaa wanataka kujua kama mtu wao atapona, nao wanaambiwa habari za msitu. Waambie waziwazi: “Bado hajavuka hatari.” Maneno matatu tu, na kila mtu ameelewa kama aende nyumbani au alale pale.

Hata jeneza lina lugha yake. Wanasiasa na wanahabari hupenda kusema jambo fulani limekuwa “msumari wa mwisho kwenye jeneza” la chama au mradi. Ni tafsiri ya “the last nail in the coffin”. Lakini kwa Waislamu wa pwani, ambako lugha hii ilikulia, maiti huvishwa sanda, na jeneza ni chombo cha kumbebea hadi makaburini, kisha hurudishwa. Halipigiliwi misumari wala halizikwi. Msikilizaji wa Lamu ataielewa kwa kuizoea, lakini picha yenyewe si ya kwao.

Je, ina maana tusijifunze picha za wageni? La hasha. Sisi wenyewe tumefanya hivyo ndani ya Kiswahili. Mtoto wa Kitui au Turkana ambaye hajawahi kuona jahazi anasema mipango “imekwenda mrama” na mashindano “yameng’oa nanga”. Bahari imemfikia kupitia kwa lugha. Kiingereza nacho kitamfikisha kwenye theluji na viwanja vya tenisi. Kinachotakiwa ni ajue yuko wapi.

Saa kumi na moja

Kuna mahali Mswahili ana faida kubwa kuliko Mwingereza. Jambo linalofanywa wakati umebaki kidogo kabisa husemwa limefanywa “at the eleventh hour”. Waingereza wengi huitumia nahau hii bila kujiuliza kwa nini iwe kumi na moja na si kumi na mbili.

Asili yake ni Injili ya Mathayo, sura ya 20, kwenye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wa mwisho waliajiriwa saa kumi na moja, siku ikikaribia kwisha, na wakalipwa sawa na walioanza alfajiri. Saa hizo zilihesabiwa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi. Kwa saa ya Kiingereza ni saa “five” ya jioni. Ebu mwambie mtoto wa Kiswahili kuwa kibarua aliajiriwa saa kumi na moja jioni. Ataona mara moja kwamba imebaki saa moja tu jua lizame. Nahau ambayo kwa Mwingereza ni fumbo, kwetu ni saa ya ukutani. Hata hivyo, kwenye habari usiandike kuwa timu “ilifunga bao saa kumi na moja” ukimaanisha dakika za mwisho, kwa sababu msomaji ataelewa saa ya mechi.

Ziko nahau nyingine zinazosafiri bila taabu. “Kuua ndege wawili kwa jiwe moja” imetulia katika Kiswahili kana kwamba ilizaliwa hapa, maana nani utotoni hakumrushia ndege jiwe? “Machozi ya mamba” nayo yamekubalika, kwani mamba tunamjua. “To wash one’s hands of” jambo, iliyotokana na kisa cha Pilato, tunayo pia: kunawa mikono. Angalia tu kitenzi. Kiswahili fasaha hunawa mikono, na huosha vyombo.

Kinachoniudhi kidogo ni tafsiri zinazoingia bila kubisha hodi wakati maneno yetu yapo. “Mwisho wa siku” imeenea redioni kama homa. Mtangazaji anasema, “Mwisho wa siku, ni mwananchi anayeumia.” Ni “at the end of the day” iliyovaa kanzu. Tuna hatimaye, mwishowe, mwisho wa yote. Siku ya Mswahili ikiisha ni magharibi na taa zinawashwa. Baya zaidi ni “mkutano utachukua nafasi kesho”, kutokana na “take place”. Katika Kiswahili anayechukua nafasi ni yule anayeshika mahali pa mwingine. Mkutano utafanyika kesho, hauchukui nafasi ya mtu.

Namna ya kujifunza

Mpenzi msomaji, wanafunzi hukariri nahau hamsini usiku wa kuamkia mtihani, na asubuhi zinabaki kumi. Njia iliyo bora ni hii. Nahau mpya ukiisikia au kuisoma, andika sentensi nzima ilimotumiwa, si nahau peke yake. Kisha jibu maswali manne daftarini. Ina maana gani? Picha yake imetoka wapi? Nani anaweza kumwambia nani, na katika hali gani? Kiswahili husemaje jambo hilo hilo? Swali la nne lisipopata nahau, andika maelezo ya kawaida. Maelezo wazi ni bora kuliko nahau ya kulazimisha. Na ukipata nahau ya Kiswahili inayofanana kwa maneno, usiifurahie mpaka uihakikishe katika kamusi ya nahau chini ya kitenzi chake: piga, kata, mwaga, zunguka.

Nianze nawe kwa nahau kumi zinazotumika sana.

1. “Turn a blind eye”: kufumbia macho jambo baya unalolijua. Chunga kiambishi. Anayefumbia macho ufisadi yu hai. Aliyefumba macho huenda amekufa.

2. “Get cold feet”: kuingiwa na woga jambo linapokaribia. Kiswahili: kunywea, au kufyata mkia. Mkia una kejeli ndani yake, kwa hivyo usimwambie mkubwa wako.

3. “Bite the bullet”: kukubali kufanya jambo chungu lisiloepukika. Kiswahili: kujipiga moyo konde.

4. “Throw in the towel”: kukubali kushindwa. Imetoka kwenye ndondi, ambako msaidizi wa bondia hurusha taulo ulingoni. Kiswahili: kusalimu amri.

5. “Burn the midnight oil”: kukesha ukisoma au ukifanya kazi. Ni mafuta ya taa, na aliyesoma kwa koroboi hahitaji maelezo zaidi.

6. “Sit on the fence”: kukataa kuegemea upande wowote. Usimwite mtu huyu ndumakuwili. Ndumakuwili huzihudumia pande zote mbili kwa siri, naye huyu hahudumii hata mmoja.

7. “Bury the hatchet”: kupatana baada ya ugomvi. Imetokana na desturi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ya kuzika silaha wakifanya amani. Kiswahili: kuzika tofauti.

8. “Under the weather”: kutojisikia vizuri, kuugua kidogo. Hali ya hewa haihusiki, na ugonjwa mkubwa hausemwi hivi.

9. “Pull someone’s leg”: kumtania mtu kwa kumdanganya kidogo. Kumchezea mtu shere kunakaribia, ila shere inauma zaidi. Usiichanganye na “break a leg”, ambayo ni dua njema kwa anayepanda jukwaani. Kwa Kiswahili mtakie kila la heri, maana ukimwambia avunjike mguu mtakosana.

10. “Not to mince one’s words”: kusema ukweli bila kuficha. Hapa tuna pacha wake kamili: kutomumunya maneno.

Kwa walimu nina ombi moja. Mwanafunzi akiandika kwenye insha ya Kiswahili kuwa mtu “alimwaga maharagwe”, usimpige alama ya mkasi ukaishia hapo. Muulize alitaka kusema nini. Amejua nahau ya Kiingereza, na hilo ni jema. Alichokosa ni mtama. Mpe huo mtama, naye ataondoka na nahau mbili badala ya kosa moja.

Na kwa wakalimani na wanahabari, mnaobeba maneno ambayo yanaweza kumfunga mtu au kumtoa jela: nahau ikikujia ghafla na huna uhakika nayo, iache ipite. Sema maana yake kwa maneno ya kawaida. Hakimu hatakudai pambo. Anataka kujua kama shahidi anakwepa swali au ametoa hongo.

Hadi juma lijalo, ifanyie kazi nahau hii kwa yale maswali manne: “to rock the boat”. Nakudokezea tu kwamba jibu la Kiswahili huenda lisiwe na chombo ndani yake.